Anti, mume wangu yuko kwenye dozi ya TB na sigara imemrudia

Shikamoo anti. Naandika usiku huu watu wote wamelala manake mchana siwezi, simu yangu anaishikaga na yeye, kwahiyo naomba usinicheke kama nimeandika ovyoovyo.

Mume wangu ana miaka 41, sigara kaanza kabla hata sijamjua, wakati tunaoana alikuwa anamaliza pakiti kwa siku na mimi nikamchukua hivohivo na moshi wake. Mwaka huu akaanza kukohoa. Tukasema ni kile kikohozi cha sigara tu, si amekizoea, ukapita mwezi, ukapita wa pili, akaanza kukonda, usiku anatoka jasho mpaka asubuhi naanika shuka, siku alipotema makohozi yana damu ndo akakubali kwenda. Wakapima, TB. Akaanzishiwa dawa za miezi sita.

Sasa kuna kitu kilitokea siku ileile ya kwanza na nahisi ndo mzizi wa haya yote. Mhudumu aliyetupokea alisikia harufu ya sigara akampandishia sauti mbele za watu, akamwambia kama unaendelea na hiyo sigara yako dawa hizi usizimeze, unazipoteza bure, hazifanyi kazi. Mume wangu ni mtu mzima na ana aibu zake. Aliinamisha kichwa mpaka tunatoka nje.

Miezi miwili ya mwanzo hakuvuta kabisa. Sio kwamba aliamua kuacha, ni kwamba hakuweza, akipiga pafu moja tu anakohoa mpaka anapiga magoti. Mi nikamshukuru Mungu nikasema basi ugonjwa umetufukuzia sigara nyumbani. Mwezi wa pili ulipoisha wakarudia makohozi wakasema vijidudu havionekani, wakambadilishia dawa. Kilo zikarudi, kazini akarudi, kicheko kikarudi. Na sigara nayo ikarudi. Mwanzo ilikuwa moja na wenzake wakitoka kazini, alafu mbili, saa hivi ni kama nusu pakiti na anavutia mpaka chumbani dirisha limefungwa, nikisema ananijibu "nilikuwa naumwa, sasa nimepona, niache nipumue." Nipumue! Na moshi unamtoka puani.

Nimefanya kila kitu anti. Nimezitupa chooni, nimezivunjavunja, nimeficha kiberiti, nimemnunia siku nne, nimewatuma watoto wakamuombe (wako wawili, mkubwa ana 10 mdogo ana 3), hiyo ya watoto ndo ilimuudhi kuliko zote, akaenda kulala kwa rafiki yake siku mbili.

Kilichonifanya nikuandikie ni cha juzi. Nilikuwa natafuta funguo kwenye koti lake nikakuta vidonge vya TB vimeviringishwa kwenye karatasi. Nikahesabu, ni dozi za siku tisa. Kumbe asubuhi anavichukua mbele yangu anasema atameza njiani alafu anavitia mfukoni. Nilipomuuliza hakukataa wala hakufoka, akaniambia taratibu kabisa kwamba siku ambayo ameshavuta ya asubuhi huwa hamezi, manake walisema sigara na zile dawa havipatani, anaogopa asije akajidhuru. Anti miguu iliniishia nguvu nikakaa chini.

Naomba unisaidie. Ni kweli dawa hazifanyi kazi mtu akivuta? Niende kliniki nikamseme bila yeye kujua? Na huyu mtu ataachaje sigara kama hata kutema damu hakukumuachisha?

Mke, jina kapuni

---

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla sijafika kwenye sigara nataka tuanzie kwenye hilo koti, manake wewe umeandika kama habari ya sigara lakini mimi niliyekaa miaka mingi nagawa dawa za TB nilipofika kwenye vidonge vya siku tisa nilisahau sigara yote.

Mwambie leo. Leo, sio Jumatatu. Dawa inamezwa hata kama amevuta. Amevuta moja, anameza, amevuta pakiti nzima, anameza, sigara iko mdomoni bado inawaka, aitoe ameze. Sigara haiendi tumboni ikapigana na kidonge na kidonge hakigeuki sumu kwasababu ya sigara. Kitu cha kuogopa ni hicho anachokifanya sasa, kuruka dozi, na kinachoniuma ni kwamba anakifanya kwa nia nzuri, anajilinda, kwasababu mtu aliyevaa sare alimwambia sentensi moja ya hasira na yeye akaishika kama maagizo. Yule mhudumu nadhani alitaka kumtisha ili aache sigara, badala yake akamuachisha dawa. Nimeliona hili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, mtu anafukuzwa dirishani "mpaka uache" na sigara haachi ila dirishani ndo harudi tena.

Sasa swali lako la kwanza lina majibu mawili na lazima uyachukue yote mawili, ukichukua moja utapotea kama alivyopotea yeye. Jibu la kwanza ndo hilo, dawa zinafanya kazi hata kwa mvutaji. Jibu la pili ni kwamba zinafanya kazi kwa shida zaidi. Kwenye mapafu kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu kuupandisha juu utoke, na kuna seli za ulinzi zinazomeza vijidudu, moshi unavilaza vinyweleo na unazidhoofisha zile seli. Kwahiyo dawa inaua upande wake lakini mwili unaotakiwa kuisaidia umefungwa mkono mmoja. Ndo maana mvutaji ana hatari zaidi ya mara mbili ya kuugua TB kuliko asiyevuta, na akishaugua makohozi yake yanachelewa kusafika, na uwezekano wa matibabu kushindwa, au TB kurudi baada ya kumaliza, au kufa nayo, unakuwa mkubwa kuliko wa mwenzake asiyevuta. Hiyo ndo hasara ya sigara. Ni kubwa. Ila bado ni ndogo ukiiweka karibu na hasara ya kutomeza.

Manake sikiliza kinachotokea kwenye hiyo miezi sita. Miwili ya mwanzo anameza dawa nne kwa pamoja, zinaua vile vijidudu vinavyozaliana kwa kasi, ndo maana mtu anapata nafuu haraka na makohozi yanasafika. Minne inayobaki kwa kawaida anabaki na mbili, rifampicin na isoniazid, kazi yao ni kuwafuata wale waliojificha wamelala, wanaoamka mmoja mmoja. Ukiruka leo, ukaruka keshokutwa, wanapata nafasi ya kuamka na kuzizoea hizo dawa. Na unaposikia TB sugu mwanangu, maana yake ni vijidudu vilivyozishinda angalau hizohizo mbili, yani zilezile zilizokuwa kwenye koti lake. Makohozi kuwa safi mwezi wa pili ni habari njema lakini sio kupona, yuko katikati ya daraja.

Hapo nimeshaingia kwenye swali lako la pili. Kliniki lazima wajue kuhusu siku tisa, hilo halina mjadala, na tarehe yake ya kawaida ya kliniki msiingoje. Wao ndo wataamua kama wanamuongezea siku, kama wanarudia makohozi au nini, na asijaribu kufidia nyumbani kwa kumeza dozi mbili kwa mpigo. Ila nakuomba usiende kumsemea mgongoni kama hatua ya kwanza. Mpe nafasi aende mwenyewe na wewe ukiwa pembeni yake, ndani ya siku mbili hizi, na mwambie usoni kwamba akikataa utaenda mwenyewe, umwambie na sababu, kwamba TB ikigeuka sugu haitabaki kifuani kwake, mnalala chumba kimoja na mna watoto. Hapo hujamsaliti, umemwambia kabla. Na kama yule aliyempandishia sauti bado yupo, ombeni mwingine, mnaruhusiwa, au wewe ndo uanze kuongea: "tumekuja kwasababu ameruka dozi, aliambiwa akivuta asimeze." Sentensi hiyo tu inatosha, nesi yeyote anayejua kazi yake ataacha anachofanya akusikilize.

Haya, sasa sigara.

Umeniuliza ataachaje kama hata damu haikumuachisha. Mwanangu, damu haiachishi mtu sigara. Hofu inamsukuma siku mbili tatu, alafu hofu yenyewe inakuwa sababu ya kuwasha nyingine, manake mvutaji wa miaka ishirini akiogopa anafanya nini? Anavuta. Na ile miezi miwili aliyokaa bila sigara usiidharau ukasema hakuamua. Umeniandikia mwenyewe, mtu wa pakiti kwa siku amekaa miezi miwili hajavuta! Arosto mbaya kuliko zote iko kwenye siku tatu za kwanza, na kwa wengi ndani ya wiki mbili mpaka nne imeshapungua sana, yeye alizipita zote akiwa kitandani anaumwa hata hakujua kama amezipita. Kilichomrudisha sio mwili kudai, ni nafuu. Karudi kazini, karudi kwa wenzake, karudi kwenye ile kona wanayosimama wakitoka. Ndo hapo wagonjwa wetu wengi wanapoangukia, sio wiki ya kwanza, ni pale kilo zinaporudi na mtu anajiona mzima, na kwenye huduma zetu mara nyingi ndo hapohapo tunaacha kumuuliza kuhusu sigara kwasababu na sisi tunamuona mzima.

Kwahiyo kitu cha kwanza kumwambia ni hicho, "ulishakaa miezi miwili." Mwambie kama unavyomsifia mtu, usimwambie kama kesi.

Na acha kuzitupa. Najua kwanini unazitupa, hata mimi ningezitupa, lakini kila ukitupa pakiti anakuwa na ugomvi na wewe badala ya kuwa na ugomvi na sigara, na ugomvi na mke una raha yake, unampa ruhusa ya kutoka nje akavute kwa hasira. Watoto nao watoe humo. Baba akiombwa na mtoto wa miaka 3 mbele ya mke anasikia aibu, na aibu kwake, tumeshaiona, inamfanya afiche vitu kwenye koti.

Muulize maswali mawili tu siku mkiwa mmetulia. La kwanza, ukiamka unakaa dakika ngapi kabla ya kuvuta ya kwanza? Akisema haifiki nusu saa, na hasa akisema ni dakika tano tu hata uso hajanawa, ujue mwili umeshikwa kweli na atahitaji msaada zaidi ya maneno. La pili, ni sigara ipi kati ya zote kwa siku ambayo ni ngumu kuiacha? Wengi watakwambia ni ya asubuhi, au ya baada ya kula, au ya na wenzake. Hiyo ngumu ndo muifanyie mpango, zile nyingine nyingi anazivuta tu hata hazikumbuki.

Alafu apange tarehe. Yeye, sio wewe. Iwe karibu, ndani ya wiki mbili, isizidi, na akiniuliza mimi ningemwambia iwe siku moja na siku ya kwenda kliniki ili atoke pale na neno la mtu aliyemsikia. Habari ya "nitapunguza polepole" bila tarehe ya mwisho mi siiamini sana, nimeona inaishia kwenye sigara tatu kwa siku ambazo baadae zinazaa. Usiku wa kuamkia hiyo tarehe atoe mwenyewe kila kitu, pakiti, kiberiti, kisahani cha jivu, lile koti lifuliwe.

Kwenye ukuta bandikeni kalenda yenye vyumba viwili kwa kila siku. Chumba cha kwanza ni cha dawa, cha pili ni cha siku bila sigara. Asubuhi anameza mbele yako, kidonge mdomoni maji juu yake, hakuna tena habari ya kumeza njiani, anaweka alama kwenye chumba cha kwanza. Usiku kama hakuvuta anaweka alama kwenye cha pili. Na kanuni ya hiyo kalenda ni moja, chumba cha pili kikibaki wazi cha kwanza hakiguswi. Amevuta leo? Sawa, chumba cha pili kimebaki wazi, kesho asubuhi anameza kama kawaida. Nataka avione kwa macho kwamba ni vyumba viwili tofauti, manake kichwani mwake mtu alivifanya kimoja.

Siku za mwanzo atakuwa mkali, nakuambia mapema usije ukasema anti hakuniambia. Atakosa usingizi, kichwa kitauma, atafokea mlango. Hiyo ni nikotini inadai, usimjibu kila kitu. Hamu yenyewe ikija kwa nguvu inakaa dakika chache tu, tano hivi, alafu inashuka hata kama hajavuta, wavutaji wengi hawajui hilo kwasababu hawajawahi kuingoja. Basi ainywee maji, atoke nje atembee, akupigie, atafune chingamu, avute pumzi ndefu kumi, chochote cha kupitisha hizo dakika. Njaa itamshika pia, na hapo kwa mgonjwa wa TB mimi huwa nacheka kwa furaha, watu wengine wanaogopa kuacha sigara wasinenepe, yeye kunenepa ndo tunakokutafuta.

Ila kuna mambo sio arosto na usiyachanganye. Mkojo kuwa rangi ya chungwa ni rifampicin, hauna shida, huo atauona mpaka amalize. Lakini macho yakiwa ya njano, kutapika kusikokata, kuona ukungu au rangi kubadilika machoni, ganzi na kuchomachoma miguuni, kutema damu tena, hayo yanaenda kliniki siku hiyohiyo, asiambiwe ni sigara inatoka mwilini. Na pombe kama inapita hapo kati iondoke, sio kwa uchaji, ini lake linabeba dawa nzito na ile kona ya wenzake bila glasi ni rahisi zaidi kuikwepa.

Kuhusu dawa za kuacha sigara, zipo na zinasaidia. Plasta za nikotini na chingamu za nikotini anaweza kutumia huku anameza za TB, aulize kama kituo chenu kinazo, ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kuna vidonge pia, na hapa ndo nasema msinunue wenyewe, manake kuna kimoja kinaitwa bupropion ambacho rifampicin inakivunja haraka mwilini kikakosa nguvu, tena kinaweza kuleta degedege kwa baadhi ya watu, kwahiyo anayeandika lazima ajue kwamba mgonjwa yuko kwenye dozi ya TB. Sigara za umeme, shisha, ugoro, hapana, huko ni kuhama chumba ndani ya nyumba ileile inayoungua.

Lakini msivunjike moyo kama kituo chenu hawana hata plasta moja. Kuna utafiti uliofanyika Pakistan, ukatoka 2013, waliwachukua wavutaji karibu 2,000 waliofika vituoni wanakohoa na kudhaniwa wana TB. Waliopata huduma ya kawaida tu, walioacha na kukaa miezi sita bila kuvuta hawakufika hata 9 kwenye kila 100. Waliokalishwa chini na mhudumu kwa vikao viwili vifupi wakaongea nao vizuri walikuwa kama 41 kwenye 100. Waliopewa maongezi pamoja na kidonge cha bupropion walizidi kidogo tu, 45 hivi. Baadae, 2020, yakatoka matokeo ya mwingine wa Bangladesh na Pakistan, wagonjwa wa TB zaidi ya 2,400, wote walipata maongezi, nusu wakapewa kidonge kinachoitwa cytisine na nusu kidonge kisicho na dawa ndani, na walioacha wakawa kama 30 kwa 100 kila upande, tofauti ilikuwa ndogo mno. Mi niliposoma hayo nikakumbuka wale tuliowafokea dirishani. Kumbe dawa yenyewe ilikuwa kiti na dakika thelathini. Kwahiyo mkienda ombeni hicho, ombeni mtu wa kukaa nao, wengi hawaombi kwasababu wanadhani kliniki ya TB ni ya kupokea vidonge tu.

Akiteleza baada ya tarehe, na anaweza kuteleza, wengi wanaacha mara kadhaa kabla haijashika, usianze tena ile habari ya kununa siku nne. Muulize ilikuwa wapi na nani, saa ngapi, alafu mpange hiyo saa. Ukiona ni walewale wenzake kila siku, yeye mwenyewe awaambie "nina dozi, msinipe", na kama haoni vizuri kuwaambia ni TB aseme tu kifua, watu wazima wanaelewa. Wakati wote huo swali lako la kwanza asubuhi liwe "umemeza?" na sio "umevuta?" Likiwa la sigara ndo linatangulia atarudi kukuficha, na akificha sigara ataficha na dawa, ameshafanya hivyo mara tisa.

Ya chumbani dirisha limefungwa hiyo iishe hata kabla ya tarehe, hiyo ndo sehemu moja ningekuruhusu uwe mkali. Moshi unawaumiza mapafu na nyinyi msiovuta, na nyumba yenye mgonjwa wa TB inataka madirisha wazi.

Sasa kuna kitu ambacho hukukiandika na nimekitafuta kwenye barua nzima. Umenitajia watoto wawili lakini hujaniambia kama walipimwa, wala wewe mwenyewe. Mmelala na mtu anayekohoa TB miezi miwili kabla hajaanza dawa, alafu sasa ameruka siku tisa. Wote watatu mnatakiwa kuangaliwa, na huyo wa miaka 3 ndo wa kwanza, manake mtoto wa chini ya miaka 5 aliye nyumba moja na mgonjwa akikutwa hana TB huwa anapewa dawa za kumkinga, TB kwa watoto wadogo hivyo inaweza kwenda kasi mpaka kwenye ubongo. Haijachelewa. Kama walishapimwa nisamehe, nimeuliza kizee.

Kama bado, kesho asubuhi mvalishe mtoto. Baba yake akikuuliza mnaenda wapi mwambie kliniki, tunampima mwanao, na wewe vaa viatu, vile vidonge vya kwenye koti tunavibeba, tunaenda wote.